Jogoo wa Kwenye Foronya

Mtaniona mkali leo, na mkali ndivyo nilivyo. Juzi kijana mmoja, mume wa binti anayekuja kujifunza kwangu, alisimama mlangoni akamwambia mkewe, "Hebu kunja hicho kitambaa twende. Si mchezo tu wa kupotezea wakati?"

Mchezo! Nilikuwa nimebana sindano mdomoni, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Binti wa watu akakunja kitambaa chake, akanitazama kwa haya, wakaenda zao. Mimi nikabaki na maneno yangu, na sasa nayatoa kwenu nyinyi mnaoshika sindano leo, kwa sababu kesho na nyinyi mtaambiwa hivyohivyo na mtu ambaye hajui hata kutia uzi tunduni.

Nimetarizi kwa mkono tangu kabla sijavaa buibui langu la kwanza mpaka macho yaliponikatalia, na kufundisha mpaka leo sijaacha. Nimeona foronya mbili za mito zikitaka kuvunja harusi, na zikamtoa mtu kisiwani. Kama huo ni mchezo, basi nielezwe kazi ni ipi.

Aliyenifundisha ni Bi Chumu, mjane aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, Mgogoni. Wazee wake walitoka Bara. Yeye kazaliwa hapahapa, kasoma chuo cha Kurani hapahapa, kaolewa na kufiwa hapahapa. Ujanani mwake alikuwa yaya Wete, katika nyumba ya daktari mmoja wa Kizungu, na mke wa yule daktari alikuwa na mapenzi ya kutarizi. Bi Chumu akimbembeleza mtoto huku jicho liko kwenye sindano ya bibi. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kutazama, akarudi kijijini na ujuzi wake, na sisi wasichana sita au saba tukawa tunakaa uani kwake kila adhuhuri ikipita, juu ya mkeka, kila mmoja na kitambaa chake.

Mshono wenyewe ni mwepesi kuueleza. Uzi wa kwanza unalala mshazari, wa pili unaukatiza kwa juu, kama ile alama ya kuzidisha ya skuli. Ukizipanga alama hizo, mia kwa mia, unapata ua, unapata birika, unapata ndege. Kazi ni kuzifanya zote zilingane. Nyinyi leo mnanunua kitambaa kilichotengenezwa na matundu yake tayari, na karatasi inayokuonyesha rangi. Sisi tulikuwa na bafta, kitambaa cheupe cha pamba, na bafta haikuonyeshi pa kuchoma. Bi Chumu alikata kipande cha chandarua chakavu, akakishikiza juu ya bafta kwa uzi mwepesi, nasi tukawa tunashona kwa kufuata matundu ya chandarua, sindano ikipita mpaka chini kwenye bafta. Ukimaliza, unazichomoa nyuzi za chandarua moja moja, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Zikitoka zote, ua linabaki juu ya bafta kama limeota hapo. Lakini ole wako ikiwa sindano ilichoma uzi wa chandarua badala ya kupita tunduni. Huo hautoki, na ukiuvuta kwa nguvu ua zima linajikunja.

Kitu changu cha kwanza kilikuwa leso ya mfukoni ya baba, yenye maua mekundu pembeni. Sikujua kama uzi mwekundu unatoa rangi. Baba akaenda nayo msikitini Ijumaa, akatawadha, akajifuta uso kwa leso ile, akaingia safuni na michirizi ya waridi mpaka kwenye ndevu. Watu wakamuuliza kama ameanguka. Alirudi nyumbani, akaitundika leso msumarini mbele yangu. Bi Chumu alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akanifundisha: uzi mwekundu unaloweshwa katika maji ya chumvi kabla ya kazi, kisha unausugua kwa kitambaa cheupe kilicho maji. Kitambaa kikibaki cheupe, shona. Kikiingia rangi, rudia.

Na alikuwa na sheria nyingine. Uzi usizidi urefu wa kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, la sivyo unajisokota. Hakuna kufunga fundo. Ncha ya uzi unaipitisha chini ya mishono ya nyuma mpaka ishike. Msimu wa karafuu, anayetoka kuchambua haruhusiwi kugusa kitambaa mpaka vidole vioshwe kwa ndimu na harufu imtoke. Na kazi yako ukimpelekea, anaigeuza nyuma kwanza kabla hajatazama mbele. "Mbele kila mtu anajipamba," alikuwa akisema. "Nionyeshe ulivyopita."

Nilikuwa na rafiki, Raya. Tulihitimu Kurani mwezi mmoja, tulikoga mto mmoja, na alichokula yeye nimekionja. Raya alikuwa hajui kushona hata kifungo, sindano ilimuudhi, lakini alikuja uani kwa Bi Chumu kila siku kwa ajili ya mazungumzo. Baba yake alikwisha kufa, na msimamizi wake alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Makame, mtu wa sauti. Raya akaposwa na Hamad, kijana wa Micheweni, mpole, mvuvi, watu wakaridhiana. Nikasema nitamtarizia foronya mbili za kitanda cha harusi, zawadi ya mkono wangu mwenyewe.

Bi Chumu alikuwa na daftari la hesabu, lile la mirabba, na ndani yake amepaka rangi mirabba hiyo kuonyesha sura mbalimbali. Kila mrabba mshono mmoja. Akanifunulia ukurasa wa asumini.

"Mtarizie asumini," akasema. "Asumini haina neno."

"Kila mtu anatarizi asumini, Bi Chumu. Miye namtaka huyu." Nikafunua mbele, nikamwekea kidole jogoo.

Alikuwa jogoo mzuri, wanangu. Shingo ya buluu, mkia wa manjano na kijani, kilemba chekundu kichwani. Bi Chumu akalitazama daftari, akanitazama mimi.

"Jogoo ana kelele, Mize."

"Wa uzi hawiki."

"Siku hizi anawika hata wa uzi. Chukua asumini."

Sasa nikwambieni zama zenyewe zilikuwaje. Ilikuwa miaka ya vyama. Watu waliokuwa wakiombana chumvi waliacha kusalimiana. Kulikuwa na duka la hawa na duka la wale, na mtu akifa, wa chama cha pili walikaa majumbani mwao wakiangalia jeneza likipita. Na jogoo alikuwa alama ya chama kimojawapo. Nilijua? Nilijua kama unavyojua kwamba mvua inanyesha kijiji cha pili. Wanawake tulikuwa hatujapewa hata kura. Mambo yale niliyahesabu ya barazani, ya wanaume na kahawa yao. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na nilimtaka jogoo kwa sababu alikuwa na rangi sita na asumini ilikuwa na mbili. Nikambembeleza Bi Chumu siku tatu. Siku ya nne akachoka, akaniachia daftari.

Ilinichukua miezi miwili na siku kadhaa. Jogoo wa foronya ya kwanza alitazama kulia, wa pili kushoto, ili mito ikiwekwa sambamba waangaliane, na chini yao kikapu cha asumini, kumridhisha mwalimu wangu. Wa pili ndiye aliyenitesa. Kugeuza sura kunataka uhesabu upya, huwezi kwenda kwa mazoea. Nikakosea shingoni, nikatia mishono kumi na tatu badala ya kumi na mbili, na kosa sikuliona mpaka nilipofika mkiani na mkia ukawa unaingia kwenye pindo.

"Fumua," akasema Bi Chumu.

"Mshono mmoja tu huo. Mtu ataweka kichwa juu yake, nani atauona?"

"Si umeuona wewe?"

Nikafumua kwa wiki nzima. Na mjue, kufumua nako kuna ufundi. Hukati mbele. Unageuza nyuma, unakata kwa ncha ya wembe mshono mmoja mmoja, unavuta nyuzi kutoka nyuma, kisha matundu yaliyobaki unayasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka nyuzi za bafta zirudi mahali pake. Nililia mara mbili. Lakini jogoo wa pili alipomalizika, walilingana kama mtu na kioo chake. Raya alipowaona alinikumbatia, akawapitisha vidole.

Siku mbili kabla ya nikaha, wanawake wa upande wa bwana harusi walikuja kutoka Micheweni kutazama chumba. Ndiyo desturi. Sisi tumekwisha kutandika: shuka nyeupe, maua ya mlangilangi juu ya shuka, na mito miwili mbele kabisa, majogoo wanaangaliana. Nilikuwa nimesimama pembeni na mama nikisubiri kusifiwa. Msinicheke. Miezi miwili!

Akaingia shangazi yake Hamad, Bi Time, mwanamke mrefu mwenye kipini puani. Akasifu shuka, akasifu mlangilangi. Akafika kwenye mito, akanyoosha kidole.

"Hivi ni nini?"

"Foronya, bi mkubwa," nikasema.

"Foronya naziona. Huyu aliyekaa juu yake?"

"Jogoo."

"Jogoo!" Akageuka kwa wenziwe. "Mmesikia? Hamad wetu tunamleta aje alale juu ya chama cha watu!"

Mama, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi mwepesi. Akasema, "Akilala juu yake, bi mkubwa, si ndiyo kakishinda?"

Wawili watatu wakacheka. Bi Time hakucheka. Akavuta buibui lake, akatoka, na wenziwe wote wakamfuata bila kunywa hata maji.

Kabla ya alasiri kila mtu alikuwa na habari. Baba yake Hamad akaja na wazee wawili, mkongojo mkononi, akasema mito ile itoke au harusi haipo. Na Mzee Makame, mtu wa chama hicho cha jogoo, ambaye tangu azaliwe hajapata kutazama foronya, ambaye hata siku ile hakuwa amezitia machoni, akapiga goti lake kwa kiganja akasema, "Jogoo hatoki! Nyumba yangu hii. Anayetaka kuoa aoe na jogoo wake!" Akaagiza mito iletwe sebuleni. Watu wazima, wenye ndevu, wakaitoa mito kwenye kitanda cha bibi harusi na kuiweka juu ya meza, wakaizunguka kama wanatazama maiti. Nilighadhibika siku ile, na bado nimeghadhibika. Bwana harusi mwenyewe hakuulizwa. Bibi harusi alikuwa chumbani na hina mikononi, anasema, "Zangu hizo, nimepewa mimi," na hakuna aliyemsikia.

Halafu nikaitwa mimi.

Nilisimama mlangoni na mama nyuma yangu. Mzee Makame akauliza, "Mize, nani kakwambia utie jogoo?"

Hapa ndipo panaponikera kuliko pote, na hasira ya hapa si ya Makame, ni yangu mwenyewe. Nilikuwa na jibu fupi: nimemtaka mimi. Maneno mawili. Lakini nikautazama mkongojo wa baba yake Hamad, nikazitazama zile nyuso. Nikasema, "Nimepewa na Bi Chumu."

"Bi Chumu!" akasema Mzee Makame.

"Bi Chumu," akasema baba yake Hamad.

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kupatana. Kwa Mzee Makame, Bi Chumu alikuwa mtu wa asili ya Bara, basi lazima ni wa chama cha pili, na kamtia jogoo ili harusi ivunjike na aibu imshukie yeye Makame. Kwa baba yake Hamad, Bi Chumu alikuwa mtu wa chama chao aliyegeuzwa na hawa wa jogoo. Kila mmoja akapata kisa chake, na visa viwili visivyofanana vikaishia kwa mwanamke mmoja ambaye wakati ule alikuwa kwake anapepeta mchele, hajui lolote. Nilifungua mdomo niongeze lililobaki. Mama akanivuta mkono, akidhani ananiokoa. Nikanyamaza.

Wakaafikiana. Kwa kuwa kosa ni la Bi Chumu, hakuna upande ulioshindwa, na majogoo watolewe, kikapu cha asumini kibaki. Nikapewa wembe. Nilikaa siku moja na nusu chumbani kwa Raya, naye amenikalia mbele na hina yake, tunatazamana, nakata mshono mmoja mmoja. Rangi sita zile zikawa manyoya ya uzi mapajani mwangu. Nilisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mkono ukafa ganzi, lakini bafta ilikwisha kuchomwa mara nyingi mno, na ukiinyanyua mbele ya dirisha bado ulimwona jogoo kwa matundu yake. Nikaikunja haraka. Harusi ikawa. Ngoma ikapigwa, pilau likaliwa, Mzee Makame na baba yake Hamad wakala sahani moja.

Nisiseme uongo, Raya na Hamad walikaa vizuri. Walizaa, wakazeeka pamoja. Hamad alikuja kuniambia mwaka ule ule, kwa sauti ya chini, "Wallahi mimi nilikuwa nimewapenda wale majogoo." Nikamwambia, "Sasa ndiyo unasema?" Akainamisha kichwa.

Lakini uani kwa Bi Chumu mkeka ulianza kupwaya. Akina mama walikwenda mmoja mmoja, kwa adabu zote. Bi Chumu, mwanangu ana kazi nyumbani siku hizi. Bi Chumu, baba yake kasema apumzike kwanza. Hakuna aliyemtukana. Mtu akikutukana, angalau mnajua mko wapi. Waliokuwa wakimpelekea nguo za kushona nao wakaacha, wa chama hiki kwa sababu yao, wa chama kile kwa sababu yao.

Mimi sikwenda kwa siku tisa. Kila adhuhuri nilijipa kazi. Siku ya kumi nikaenda.

"Shikamoo, Bi Chumu."

"Marahaba. Ingia, mlango haujafungwa."

Alikuwa peke yake juu ya mkeka, anatarizi. Nikakaa. Nikasema, "Niliwaambia wewe ndiye uliyenipa jogoo."

"Nimesikia."

"Na wewe ulinipa asumini."

"Hilo sikulisikia likisemwa." Akavuta uzi, akaukata. "Mize, kama ungesema uongo, ningekwenda kuujibu. Lakini daftari ni langu, na mkononi mwako nimelitia mimi. Sasa nikajibu nini?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka nyumbani, nikamwambia mama avae buibui lake tufuatane, na kwa mara ya kwanza mama hakunizuia.

Mzee Makame alikuwa barazani kwake na wenziwe, kahawa inazunguka. Msichana kwenda kusimama mbele ya baraza ya wanaume halikuwa jambo dogo, nikwambieni. Nilitoa salamu, wakaitika.

"Ami, nimekuja kusema. Jogoo nilimtaka mimi. Bi Chumu alinikataza siku tatu, akanipa asumini, miye nikakataa."

Nilitegemea atakasirika. Nilijitayarisha kwa hilo. Akacheka! Akawatazama wenziwe, akacheka.

"Bado mna habari ya mito nyinyi? Hiyo imekwisha zamani, mwanangu."

"Haijesha, ami. Wasichana hawaendi tena kwake. Kazi haletewi."

"Sasa miye nina nini na kushona kwa watoto wa watu?"

"Uliwaambia watu kuwa ni yeye. Waambie kuwa siye."

"Mtoto wa kike," akasema, na mkono keshaunyoosha kwenye kikombe, "nenda kashone."

Mnanielewa kwa nini mtu akisema ni mchezo wa kupotezea wakati, damu inanipanda? Ni sauti ileile. Siku ya kwanza kushona kwetu kulikuwa jambo kubwa la kutaka kuvunja nikaha, watu na mikongojo yao wakalikalia kitako. Tulipohitaji neno moja tu la kumsafisha mtu, kukawa si kitu, mambo ya mito, nenda kashone.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Nyumba sita. Kila mama nilimwambia maneno yaleyale, mpaka nikayajua kama sura fupi ya Kurani. Mmoja alinifungia mlango. Watatu walisema wamesikia. Wawili waliwarudisha binti zao, na mmoja wa hao akatolewa tena na baba yake kabla ya wiki. Tukabaki wawili juu ya mkeka wa watu saba. Bi Chumu alitufundisha kwa bidii ileile, akigeuza kazi zetu nyuma kabla ya kutazama mbele. Lakini msimu wa karafuu ulipomalizika alisema anakwenda Unguja kwa dada yake.

Nilimsindikiza mpaka Mkoani, bandarini. Gari lilitutupatupa njia nzima, naye amepakata kisanduku chake cha nyuzi na daftari. Wachukuzi walipokuja kupokea mizigo aliwakatalia kisanduku, akakibeba mwenyewe. Mnajua watu wanavyosimulia hadithi hizi, mwalimu anampa mwanafunzi daftari lake, wanalia. Daftari aliondoka nalo. Sikuliomba na hakunipa, na alikuwa na haki.

Nikapiga magoti palepale gatini. "Bi Chumu, nipe radhi."

"Inuka, utachafua buibui. Radhi nilikupa siku uliyokwenda barazani." Akakiweka kisanduku sawa kwapani. "Lakini Mize, usije ukasikia watu wanasema nimeondoka kwa kupenda, ukanyamaza tena."

Akapanda meli. Hakugeuka. Alifariki huko Unguja kabla sijapata nafasi ya kwenda kumtazama, nami nikaletewa habari baada ya arubaini kupita.

Mengine ni maisha ya kazi tu. Nilitandika mkeka uani kwetu na yule msichana mwenzangu. Baada ya miaka nikaajiriwa kufundisha kazi za mikono katika skuli ya wasichana, nikafundisha mpaka wanafunzi wangu wakaniletea wajukuu zao. Zikaja cherehani za kutarizi zenyewe, zikaja nyuzi ambazo hazitoi rangi, na hilo sina ugomvi nalo. Sijawahi kumkataza mwanafunzi sura yoyote anayoitaka. Ninachomuuliza ni kimoja: ukiulizwa nani kaitia, utasema nani?

Nilipostaafu walinifanyia sherehe. Viti, maua, mgeni rasmi. Mmoja akasimama kusoma historia yangu kwenye karatasi, akafika mahali akasoma hivi: "Bi Mize alijifunza kwa bibi mmoja wa kijijini kwake, ambaye baadaye alipenda kuhamia Unguja."

Alipenda!

Sikungoja zamu yangu. Niliinuka, mguu wangu mbovu na yote, nikamwambia yule msomaji, "Kaa, mwanangu." Na mbele yangu walikuwapo watoto na wajukuu wa watu wote wale, wa baraza ile na wa Micheweni, Raya mwenyewe yuko mstari wa mbele na miwani yake. Nikawaeleza kama nilivyokuelezeni nyinyi. Sikumpunguzia Mzee Makame, na sikujipunguzia mimi. Nikasema, "Huyo bibi mmoja ana jina. Anaitwa Chumu binti Feruzi. Hakupenda kuhama. Tulimhamisha, na mdomo wa kwanza ulikuwa wangu." Nikakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni rasmi akatazama saa yake. Kisha akasimama mwanamke wa makamo, mwalimu mwenzangu, binti wa mwisho wa Mzee Makame. Nikajiweka tayari, nikasema sasa tunagombana mbele ya wageni, na iwe.

Akachukua ile karatasi ya historia kutoka kwa msomaji, akatoa kalamu mkobani, akaukata ule mstari wa "alipenda".

"Bi Mize," akasema, "jina la baba yake umesema nani?"

Nikamtajia tena, polepole, naye akaliandika.